Mama Mzazi, Nyarubungo

Mimi ndiye niliyelipinga lile daftari kuliko wote, na nalisema mapema ili mtu asije akanifanya mtakatifu. Utaratibu ule uliletwa na sista mmoja wa ng'ambo, mrefu, mpole, anayetembea kwa kunyata wodini kama anaogopa kuamsha watu, na watu wenyewe hawakuwa wa kuamshwa. Alisema kwao, mgonjwa akipoteza fahamu kwa siku nyingi, wauguzi na ndugu humwandikia kila siku kilichotokea. Leo umepumua vizuri. Leo mvua imenyesha. Leo dada yako amekuja akakuchana nywele. Akizinduka anasomewa, ili zile siku zilizompotea azipate. Nikamwuliza, "Na asipozinduka?" Akasema daftari watapewa ndugu. Nikaguna. Kwetu Kirushya ukianza kumwandikia mahututi siku zake kwa kalamu, watakwambia unamchulia, na mama yangu angeninyang'anya hiyo kalamu akaitupa migombani.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ya misheni, njia ya kutoka Ngara kwenda Biharamulo, na wodi yangu ilikuwa ya mahututi: vitanda sita, mtungi mmoja wa oksijeni, na mashine ya kunyonya makohozi inayokanyagwa kwa mguu kama cherehani. Upande wa Ngara vilima vilijaa turubai za bluu mpaka jicho linachoka. Ndani ya wodi kulikuwa kimya. Watu hudhani wagonjwa mahututi wana kelele. Kelele ziko wodi ya wazazi. Kwetu ulisikia pumzi tu, sita, kila moja na mwendo wake, na ukikaa sana unajikuta unaisikiliza na yako.

Kilichonigeuza ni mzee mmoja wa kwetu Kirushya, aliyepandwa na malaria kichwani. Alilala siku tisa hajitambui. Alipozinduka alikataa hata kututazama. Alimwambia mke wake kwamba tulikuwa tunachoma watu nyuma ya ukuta, kwamba harufu aliisikia mwenyewe, na kwamba alitusikia tukipanga zamu yake. Mke akaanza kufunga mizigo. Sista akafungua daftari, ukurasa wa siku ya tano, mwandiko wangu, nimeuandika kwa hasira: "Leo tumechoma bandeji shimoni nyuma ya wodi. Moshi wote umeingia ndani, nimewafokea watu wa usafi. Mzee, utusamehe kwa harufu." Nikamsomea. "Kwa hiyo ilikuwa bandeji," akasema. "Bandeji, baba." Akalia kidogo, kisha akaomba ndizi. Tangu siku hiyo niliandika kuliko sista mwenyewe.

Baada ya huyo mzee ndipo alipoletwa binti mmoja. Alikuja na gari la kambini, umri wake labda miaka ishirini na tano, homa ya uti wa mgongo, shingo imekauka, macho yamegeuka. Waliomleta walisema alivuka kutoka Burundi na kundi la watu wasiomjua. Hakuwa na mtu. Na katika hospitali zetu, mgonjwa asiye na mtu ni shida kubwa, maana ndugu ndiye anayemwosha, anayemgeuza ubavu, anayepika uji wa kupitishwa kwenye mpira wa puani. Sisi wauguzi tulikuwa watatu. Nilipomwona amelazwa pale, pembeni hakuna hata mkeka, nilivuta pumzi kwa uchungu, na uchungu wenyewe ulikuwa wa kazi yangu, si wa ugonjwa wake.

Siku ya pili, saa kumi, saa ya kuona wagonjwa, akaingia mama mtu mzima. Mwembamba, amejifunga kitenge cha kahawia, miguu mitupu ina udongo mwekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ni nani wa mgonjwa?"

"Mama yake."

Nikamshukuru Mungu, nikampa beseni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami siku ile nilipona kweli. Sikuuliza la pili.

Akawa anakuja kila siku. Kabla ya kuingia alinawa bombani kwa muda mrefu, hivyo mikono yake ilifika ya baridi, na alipokugusa ulishtuka. Hakukaa kwenye benchi hata mara moja. Hakula, hakunywa. Alimwosha mgonjwa, akamgeuza, halafu akasimama kichwani pake. Binti alikuwa akiongea katika homa, maneno ya kuviringika mdomoni, jina la kilima chao, ng'ombe, mlango. Yule mama alimjibu. Nilikuwa nikibadilisha dripu kitanda cha jirani nikawasikia, kwa Kirundi, ambacho kwetu sisi Wahangaza ni jirani wa ukuta mmoja.

"Ng'ombe amerudi?"

"Amerudi."

"Mlango."

"Nimeufunga. Lala."

Nywele zilinisimama. Yalikuwa mazungumzo kamili, hayana pengo, na mmoja wa wanaozungumza hakuwepo. Kisha yule mama akanigeukia na kusema, kwa Kiswahili chake cha huku kwetu, "Andika, mwanangu. Andika amerara vizuri." Nami nikaandika: "Leo mama yako amekuja. Anasema ng'ombe wa mabaka amerudi mwenyewe. Mlango wa nyuma ameufunga. Amekuimbia, umelala vizuri." Hivyo kwa siku kumi na tano, saa kumi, bila kukosa.

Asubuhi iliyofuata binti alifungua macho. Saa kumi yule mama akaja kama kawaida, akafika mlangoni, akaona yale macho yanatazama dari. Akasimama. Nilikuwa namfurahia, nikampungia mkono aingie. Akageuka akaondoka. Nikafikiri ameenda kuwaambia ndugu. Hakurudi siku hiyo wala ya pili yake.

Siku ya tatu binti alikuwa anaweza kuongea, tena tayari alikuwa amemeza vijiko vichache vya uji. Nilivuta benchi nikamsomea daftari, natafsiri taratibu kwenda Kihangaza. Niliifurahia kazi ile, nisidanganye. Wengine hulia, wengine huuliza maswali mia. Huyu alisikiliza kimya, kama mtu anayesomewa barua aliyokuwa akiitegemea. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Mama alivaa nini?"

"Kitenge cha kahawia."

"Ndicho nilichomzika nacho," akasema.

Akanieleza bila kupandisha sauti. Mama yake alikufa kabla hajavuka mpaka. Alimzika mwenyewe nyuma ya nyumba, yeye na jirani mmoja, na kitenge cha kahawia ndicho kilichopatikana. Kisha akatabasamu, na lile tabasamu nalikumbuka kuliko yote. "Basi nimefika," akasema.

Nikadhani anasema amefika hospitali. Nikamwambia ndiyo, umefika, umepona, shukuru. Akanitazama kwa huruma, mimi mwenye afya zangu, akaniuliza, "Na wewe, dada, ulikufa kwa nini?"

Mimi mdomo wangu hautulii. Nikamjibu, "Kwa njaa. Tangu asubuhi sijanywa hata chai."

"Pole sana," akasema, na alimaanisha. Nilicheka mpaka nilipofika mlangoni, ndipo kicheko kikanikauka.

Tangu saa ile hakula. Hakukataa kwa hasira wala kwa huzuni, alikataa kwa adabu, kama mgeni aliyetoka kula kwingine. "Wapeni walio hai," alisema. Tukamrudishia mpira wa puani, akauchomoa. Tukaurudisha, akauchomoa tena, akautandaza vizuri juu ya shuka. Nikamshika mkono, nikaweka vidole vyake juu ya mshipa wake mwenyewe. "Unasikia? Moyo wako huo." Akasikiliza. "Kumbe na huku unapiga," akasema.

Wodi ikaanza kumwogopa. Aliwauliza ndugu waliouguza vitanda vingine, kwa upole uleule, wao walikuja lini, na walikuja kwa ugonjwa au kwa panga. Mwanamke wa kitanda cha jirani alihamisha mkeka wake akaenda kulala karibu na mlango. Mwingine alileta maji ya baraka kutoka kanisani akanyunyiza kuanzia miguuni kwetu wauguzi, kwa usalama. Hata mimi, nikirudi nyumbani jua la saa nane, nilijikuta nakagua kivuli changu kama kipo. Unaweza kucheka. Jaribu wewe kumhudumia mtu ambaye kila ukimpa dawa anakushukuru kwa jinsi mnavyotunzana vizuri kuzimu.

Daktari wetu hakucheka. Alinivuta kando siku ya pili ya kutokula kwake. "Ugonjwa umeisha," akasema. "Mishipa ya dripu imekwisha, mpira anauchomoa. Asipokula kwa hiari yake, wiki haimalizi. Tutamzika mtu aliyepona." Sista alikuwa amesimama pale, akafunika uso kwa viganja. Ila kosa halikuwa lake. Mwandiko ulikuwa wangu. Ni mimi niliyemwambia yule binti kwa wino, siku baada ya siku, kwamba mama yake anakuja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini, si kabla, si baadaye.

Nilirudi kitandani kwake nikamwambia nilikosea, nilichanganya wagonjwa. Akatikisa kichwa. "Hukukosea. Ng'ombe wa mabaka ungemjulia wapi?" Yule mwanamke alimjulia wapi? Na hapo ndipo mambo niliyoyapuuza yakaanza kunijia: mikono ya baridi, kutokukaa, kutokula, kuondoka pale tu macho yalipofunguka.

Nilikumbuka kitabu cha getini. Tangu wakimbizi wajae, mlinzi alikuwa na amri: kila mgonjwa ndugu mmoja, tena aandikwe jina, uhusiano na anakotoka, na aweke dole gumba. Kutoka wodini mpaka getini ni hatua hamsini, lakini nilizitembea polepole. Niliogopa kukifungua. Kama hayumo, nilijiambia, kama hakuna mtu aliyepita hapa saa kumi, nitavua gauni hili leoleo nirudi kulima. Nikafungua. Alikuwemo. Kila siku, na dole gumba lake la wino wa zambarau, na mbele yake mlinzi ameandika: mama mzazi, Nyarubungo.

Nyarubungo ni Biharamulo, huku huku kwetu. Nilihema kwa nguvu, maana mfu haweki dole gumba. Halafu nikapandwa na hasira. Binti amevuka mpaka juzijuzi, mama yake mzazi awe wa Nyarubungo tangu lini? Nikamgeukia mlinzi. "Ulimwandika hivi, mbona hukuuliza?"

"Wewe uliyekuwa naye kila siku hukuuliza," akasema. "Mimi wa getini ndiyo niulize?"

Kesho yake nilipata lifti ya lori la mahindi, kisha nikatembea. Nyarubungo wako watu wengi waliokuja na mawimbi ya zamani, miaka mingi kabla ya hawa wa turubai. Wamelima, wamezaa, wamezika, ni watu wa hapo. Niliulizia mama mwembamba anayekwenda hospitali kila siku kwa miguu. Walimjua. Nilimkuta shambani anapalilia maharage, na kitenge chake ni kilekile, rangi ile ambayo nusu ya wanawake wa wilaya mbili wanayo.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliegemea jembe. "Amekufa?"

"Anasema amekufa," nikamjibu, nikamweleza yote, pale pale juu ya matuta.

Alikaa chini kwenye udongo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona ameketi. Akasema alimsindikiza jirani aliyekwenda kujifungua, akapita chini ya dirisha letu. Mtu ndani akaita mama. "Nikaitika," akasema. "Basi, ni hivyo tu."

"Na kusema wewe ni mama mzazi?"

"Mlinzi alitaka ndugu."

"Na ng'ombe wa mabaka?"

"Alimtaja yeye mwenyewe, na mabaka yake. Alikuwa anauliza tu, anauliza. Ungemjibu nini?"

"Na ule wimbo?"

"Huo tunaimba wote."

Nikamwambia twende. Akakataa. Alisema yule binti akiwa amefumba macho mama yake alikuwepo, akifumbua ataona bibi wa Nyarubungo, na yeye hawezi kuyatazama macho yale yakimtafuta mtu mwingine. Nilimbembeleza kwanza. Nikaona jua linakwenda. Nami, Mungu anisamehe, nikamfokea mtu mzima shambani kwake. Nikamwambia, "Uliitika. Hukutumwa, uliitika mwenyewe. Yule mtoto anakufa kwa sababu ulimwitikia. Twende ukaitike tena." Kisha akaliacha jembe palepale, akaingia nyumbani, akapika uji wa ulezi, akaujaza kwenye chupa ya chai.

Tulifika saa kumi ikiwa imepita. Wodi nzima ilitutazama. Yule mwanamke wa kitanda cha jirani alitoka nje kabisa. Binti alikuwa amelala kwa ubavu, mashavu yamebonyea, na alipomwona mama wa kitenge cha kahawia mlangoni alianza kujiinua, uso umemwangaza, mpaka nikajuta kuzaliwa. Yule mama hakurudi nyuma safari hii. Alikwenda moja kwa moja, akakaa kitandani, akamshika mikono. Hakuwa amenawa bombani. Mikono ilikuwa ya moto kutokana na chupa ya uji, na kucha zina udongo.

Binti aliitazama ile mikono, akaigeuza, akainusa. Uso wake ulizimika polepole.

"Wewe si mama yangu."

"Siye. Mimi ni wa hapa Nyarubungo. Nililima asubuhi."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Uliita."

Zilisikika pumzi za vitanda vingine. Kisha binti akauliza, kwa sauti ya mtoto kabisa, "Kwa hiyo mama amekufa?"

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Wewe hapana."

Hapo ndipo alipolia. Tangu azinduke hakuwa amelia, maana alikuwa na mama yake, na mimi nilikuwa nimesafiri kwa lori kwenda kumtafuta mtu wa kuja kumnyang'anya. Alilia kilio cha msiba, kile cha kushika kichwa, na wanawake wa wodi wakaja wenyewe wakamzunguka, hata yule aliyekimbilia nje. Mimi nililia pamoja nao na sikujificha. Kilipotulia, yule mama akamimina uji kwenye kifuniko cha chupa. Binti akaukataa. Akamiminiwa tena, akaushika, akanywa akiwa bado analia, uji ukimwagika kidevuni. Alimaliza kifuniko, akataka kingine.

Nilimsindikiza yule mama mpaka nje ya geti. Mlinzi alimpa pole asijue ni ya nini. Tulipofika barabarani nikamshukuru, nikamwomba radhi kwa kumfokea. Akasema si neno. Alisimama kidogo akitazama malori yanayopita kwenda kambini.

"Wangu alikuwa mdogo kuliko huyu," akasema. "Tulipokimbia sisi, zamani hizo. Homa ilimwangusha njiani. Nilimbeba mpaka nikashindwa, na mgongoni nilikuwa na mwingine anayenyonya, na watu walikuwa wanakwenda. Nikamlaza kivulini na maji. Alikuwa anapumua. Hajitambui, lakini anapumua, na aliniita. Sikuitika, maana ningeitika nisingeondoka."

Nilitaka kumshika mkono nikaona aibu.

"Lile daftari lenu," akasema. "Mtu akizinduka, na pale alipo hakuna mtu, nani anamwambia mama yake alikuwepo?"

Nilimwambia sijui, mama. Akaitikia kwa kichwa, akajifunga kitenge vizuri, akashika njia ya Nyarubungo. Nilimtazama mpaka lori lilipopita katikati yetu na vumbi lake, kisha nikarudi wodini, kwa sababu nilikuwa na watano wengine wa kuwaandikia.